Ngege wa Mto Gucha

Pam alimgeuza samaki kwenye sinia mara ya pili, akamfunua shavu kwa kidole gumba. Ndani palikuwa pamefifia kama nyama iliyooshwa mara nyingi. Samaki aliyevuliwa asubuhi hawi hivyo. Tena alikuwa ngege, mnene, na karibu na pezi la mgongoni magamba yalikuwa yamekwanguka kwa mstari, alama ya uzi wa wavu. Mdomo wake ulikuwa mzima. Ndoana haikuwahi kuugusa.

"Huyu umemtoa wapi, Baba Ben?"

"Mtoni," alisema mumewe, Osewe, akiwa ameinama kwenye kochi anafungua kamba za viatu. "Si niliondoka na fimbo ukiniona?"

Pam hakubishana. Alizaliwa Kendu Bay, binti wa mwanamke aliyenunua samaki ufukweni kila alfajiri, na alipotimiza miaka kumi alikuwa akijua samaki wa jana na wa leo kwa kunusa tu. Mto Gucha, huko juu Masimba alikosema Osewe anavua, una ningu, una kambare, una vile vidogo vilivyojaa miiba. Ngege wa ziwani hapandi milima hii ila akiwa ndani ya sanduku la barafu. Alimpasua, akamkaanga, akampakulia mumewe. Osewe alikula polepole, akipapasa kila mwiba kwa vidole.

Hiyo ilikuwa Jumamosi ya nne ya samaki wa uongo.

Osewe alikuwa dereva wa lori la Gautam, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Kisii. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amepeleka saruji na mabati Kebirigo, Nyamira na kila soko lililo katikati. Jumamosi lori lilipumzika kwa kuwa wapakiaji karibu wote ni Wasabato. Zamani siku hiyo aliimaliza nyumbani kwao Kiogoro, redio ikiwa mapajani. Mwaka ulipoanza alinunua fimbo ya kuvulia, akasema anataka kutuliza kichwa kando ya maji. Pam alifurahi, akamfungia na chapati.

Lakini mambo mengine yalikuwa yamebadilika pia. Osewe hakusoma tena ujumbe wa simu mbele yake. Simu ikilia, alitoka nayo hadi barazani kwenye mwanga, akakaa huko muda mrefu. Na mara mbili alilala Kebirigo, akasema lori limeharibika. Pam alimuuliza Joash, mpakiaji anayesafiri naye, lori lilikuwa na shida gani.

"Lori halina shida, mama," Joash alisema, kisha akaanza kutazama viatu vyake.

Pam alimweleza rafiki yake Apiyo, ambaye alikuwa na saluni jirani na kibanda chake cha kushonea nguo. Apiyo aliendelea kusuka kichwa cha mteja. "Mwanamume akianza kukuletea samaki kila wiki," alisema, "jua kuna mahali anapeleka nyama."

Jumamosi iliyofuata Pam alimwacha Osewe aondoke, akahesabu nusu saa, akavaa gauni lake la manjano, lile ambalo Osewe mwenyewe alimnunulia. Alitaka huyo mwanamke wa Masimba, akikutwa, aone kwamba mke naye hutunzwa. Alichukua bodaboda. Huko alishuka karibu na njia inayoteremka mtoni, akamkuta mzee mmoja, Bosire, amesimama na ng'ombe wake kando ya shamba la nepia, majani ya kulishia mifugo.

"Namtafuta mtu anayevua samaki hapa," Pam alisema.

"Yule Mjaluo wa fimbo? Yuko hapo chini. Lakini huyo si mvuvi, mama."

"Kwa nini unasema hivyo?"

"Sijaona akitoa hata mmoja. Anaangalia maji tu mpaka mchana, halafu anapanda barabarani ananunua samaki kwa yule mama wa barafu. Sisi hapa tulifikiri ametumwa kuchunguza mashamba."

"Huwa na mtu?"

Bosire alimtazama kwa makini, akamtazama na gauni lake. "Mimi nimemwona peke yake," alisema. "Lakini mimi sikai huko chini siku nzima."

Pam aliteremka. Mwanamume anayekwenda mtoni asivue, anamngoja nani? Aliyapangua majani ya nepia, akatokea ukingoni hatua kumi hivi kutoka alipokuwa mumewe. Osewe alikuwa ameketi juu ya jiwe, fimbo mkononi. Alisikia majani, akageuka. Alimtazama Pam usoni moja kwa moja.

Pam alifungua kinywa, maneno yote aliyoyapanga njiani yakiwa tayari.

"Bwakire buya, omong'ina," Osewe alisema kwa heshima, kwa Kigusii, kama anavyosalimiwa mama yeyote anayepita. Kisha akarudisha uso wake majini.

Pam aliganda. Wazo la kwanza lilikuwa kwamba anaigiza, kwamba yule mwanamke amejificha karibu na hii ni ishara ya kumwonya. Akaangalia nyuma ya jiwe. Akaangalia vichakani, na ng'ambo, palipoanikwa nguo za mtu. Hapakuwa na yeyote.

Ndipo alipokiona kiboya, kipande cha ndara nyekundu kilichofungwa kwenye uzi. Kilizama. Kikaibuka, kikazama tena, kikavutwa kuelekea kwenye mizizi. Osewe alikuwa ametulia, akitazama kwa subira mahali pengine kabisa, maji matupu.

"Baba Ben," Pam alisema kwa sauti ndogo. "Vuta."

Osewe alishtuka nusura aiachie fimbo. Alivuta, lakini alikuwa amechelewa. Ndoana ilikuja tupu.

"Kumbe ni wewe," alisema.

"Umenisalimia kama mama wa watu."

Pam alimsogelea, akainua vidole mbele ya uso wake.

"Usininyooshee vidole, Mama Ben. Mtu namwona. Sura ndiyo siioni. Ni kama kutazama kupitia kioo chenye mvuke, na usiku ni mbaya zaidi, taa zinatawanyika."

"Tangu lini?"

"Imekuwa ikija polepole. Kufikia Desemba nilikuwa siwezi kujidanganya. Nikanunua hii fimbo nijipime mahali ambapo hakuna mtu. Nikasema siku nitakayoona kiboya kikizama, nitajua macho yanarudi."

"Na wale samaki?"

"Ningerudi mikono mitupu kila wiki, ungeniuliza nafanya nini huku."

Pam aliketi kwenye majani. Kwa muda huruma ilimjaa, kisha akakumbuka Jumatatu, akakumbuka Jumanne.

"Na lori umekuwa ukiliendesha vipi?"

"Barabara naijua."

"Na watoto wanaovuka barabara, nao unawajua?"

"Joash hukaa mbele, ananiambia. Giza likiingia tunalala hukohuko."

"Joash anajua," Pam alisema, na sasa ilikuwa hasira tupu. Alijikuta akitamani wangekuwa wanazungumza habari za mwanamke. Mwanamke, Pam angemfukuza. "Tani saba za saruji, Osewe. Kwa macho ya Joash."

Hakuwa amemwita kwa jina lake tangu Ben azaliwe.

Jumatatu walikwenda dukani pamoja. Pam alisimama mlangoni mpaka Osewe alipomaliza kusema yote. Gautam alisikiliza bila kukatiza, kalamu mkononi.

"Lile geti la Kebirigo," aliuliza mwishowe. "Ulisema liligongwa na gari jingine ukiwa umesimama."

"Nililigonga mimi."

Gautam alinyoosha mkono, akapokea funguo. "Ungeua mtu," alisema. "Nenda hospitali kwanza. Ukitoka huko tutaongea, sasa hivi sitaki kuongea."

Daktari alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Walipasua la kulia kwanza, na wiki sita baadaye la kushoto. Bandeji ya kwanza ilipofunguliwa, Osewe alimtazama mkewe kwa muda mrefu.

"Umekonda," alisema.

"Ni wewe uliyenikondesha."

Gautam alimrudisha kazini, lakini kwenye kaunta, kupima misumari. Joash aliomba msamaha, Pam akaupokea bila kumkaribisha chai. Osewe sasa anasema anaona vizuri kuliko ujanani, na kwamba lori linamngoja. Pengine ni kweli. Lakini jioni Pam humwekea gazeti mezani na kumwambia asome kwa sauti, zile herufi ndogo za matangazo ya vifo. Jana alisoma ukurasa mzima bila kukwama hata mara moja. Pam alimsikiliza mpaka mwisho, akalichukua gazeti, akafungua ukurasa mwingine, akamrudishia.