Wageni Wote Mapajani pa Mama Mkwe

Mwenye mwana anayejenga hewani na asikie haya mapema, yasije yakamkuta.

Mama Chiriku anaye mmoja, binti, tena mdomo wake haupumziki, ndiyo maana akaitwa Chiriku. Aliacha kushona sare kwa shangazi yake ili ajenge kumbi ndani ya kompyuta, kule watu wanakokutana wakiwa vikaragosi. Akapata bibi harusi wa kwanza, mwenye ndugu waliotapakaa dunia nzima.

"Nikiharibu hii, mama, narudi kwenye cherehani."

"Amina," mama akaitikia, bila kujua ameombea lipi.

Ukumbi ulipendeza hadi mama akatamani kuufagia. Mahali pa kila kiti Chiriku alipaandika kwenye maandishi ya kawaida, programu iyasome na kuyakata vipande. Lakini hakuiambia kwamba vipande vile ni namba. Na kwa mashine, tatu ya maandishi ni maneno matupu, kama picha ya chakula: utaitazama, hutashiba. Ukiidai mahali pa kiti ndani ya maneno, haigombi wala haiulizi. Inakupa sifuri tu.

"Umejaribu kukaa?" mama aliuliza.

"Nimezisoma namba zote, ziko sawa. Hii si sketi, mama, eti mtu aivae kwanza."

Basi sifuri ilikuwa katikati ya ukumbi, na hapo katikati Chiriku alikuwa ameweka kwa mkono wake kiti cha heshima cha mama wa bwana harusi. Siku ya harusi mama huyo akaketi, kajaa tele. Mgeni wa kwanza akaingia, akatua mapajani pake. Wa pili juu ya wa kwanza. Ikawa rundo.

"Nani tena huyu?"

"Ni mimi, mchungaji."

"Shuka, baba mchungaji!"

"Ningeshuka, mama, ila nimekaliwa na wapiga tarumbeta."

Mama mkwe akazima kompyuta yake, akaenda zake. Bibi harusi akaangua kilio: bila mkwe, hakuna ndoa.

Mama Chiriku alishika kichwa. Binti alikuwa amenyamaza, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Vidole vikakimbia: kila kipande akakigeuza kuwa kile kinachopaswa kuwa, hiki namba, hiki rangi, hiki mahali, ndipo akakitia kwenye orodha ya viti. Wageni wakaruka kila mtu kitini pake. Kisha akampigia simu mama mkwe.

"Shikamoo mama. Ni mimi niliyejenga. Sikujaribu. Nisamehe."

"Narudi," sauti ikasema, "lakini mchungaji akae mbali nami."

Ndoa ikafungwa. Mpambe mmoja, aliyecheka hadi akaanguka chini kwao, akaagiza ukumbi wake siku hiyohiyo.

Siku hizi Chiriku hakabidhi kazi mpaka mama yake, kikaragosi mwenye gauni la njano, akalie kila kiti, huku akilalamikia magoti ambayo kule hata hayaumi.