Msemaji wa Watu wa Loíza

Rugaba alikuwa kiguu na njia, na Marekani haikumponya. Alipoletwa Buffalo kama mkimbizi aliikimbia kwa sababu ya theluji. Akahamia Columbus, akaikimbia kwa sababu ya majirani, ingawa majirani wenyewe mpaka leo hawajui walimkosea nini. Sasa alikuwa Louisville, jimbo la Kentucky, mtaa wa Newburg, akipakia maboksi ghalani, na tayari alishaanza kuwapigia simu watu wa Texas kuulizia kazi. Hadassa, mkewe, alikuwa ameacha kubisha. Kila walipohama alifunga masufuria kwenye magazeti, akayafungua mji mwingine, akanyamaza, na kunyamaza huko kulimkera Rugaba kuliko ugomvi.

Jambo moja hata waliomchoka walimkubalia: ulimi alikuwa nao. Kwenye posa za Wakongomani familia mbili hazisemezani moja kwa moja. Kila upande huweka msemaji wake, na wenye shughuli hukaa kimya kama wageni waalikwa. Msemaji wa kijana ndiye anayeeleza huyu ni mtoto wa nani, wa kilima gani, na kwao kukoje. Kutia chumvi anaruhusiwa. Ndiyo kazi yenyewe. Na watu wa upande wake hawamsahihishi mbele za watu hata apige chuku namna gani, maana akiumbuka yeye wameumbuka wote. Rugaba alikuwa ameshaozesha vijana wengi kwa mtindo huo na hakuwahi kurudi mikono mitupu.

Ndipo akatokea Wilfredo Pizarro, Wili kwa wenzake, aliyeendesha folklifti ghalani hapo hapo. Alikuwa kijana mweusi, mpole, mwenye Kiswahili cha maneno machache aliyofundishwa na mchumba wake. Alizaliwa Buffalo, lakini wazee wake walitoka Loíza, manispaa ya pwani kwenye kisiwa cha Puerto Rico, huko Karibi. Alimtaka Chimène wa Columbus, na Chimène alimtaka. Kilichobaki ni Bagula, baba mdogo wa msichana, aliyemlea tangu baba yake afariki.

Bagula alipiga simu mwenyewe.

"Rugaba, mi sina shida na muntu wa inje," alisema. "Shida yangu ni hii. Ule kijana, kwabo ni wapi? Sisi tulishakimbia mara mingi. Siku bakimufukuza huku, atapeleka mutoto wangu wapi? Bon, ukuye na jibu. Bila jibu, sitoe mutoto."

Rugaba aliiweka simu chini mwili ukimwaka. Bagula alikuwa Mshi wa Walungu, kabila ambalo Kongo haliulizwi kwao, mtu wa kilima chake na migomba yake, na kwake hilo lilikuwa swali tu. Kwa Rugaba lilikuwa kidonda. Yeye alizaliwa milimani juu ya Uvira, na babu yake alizikwa huko huko, lakini tangu aanze shule aliambiwa kabila lake ni la wageni, arudi kwao. Arudi wapi? Kijiji kilichomwa, ng'ombe wakaswagwa, na waliochoma walikuwa majirani waliomjua kwa jina. Tangu hapo hakuwahi kuipenda nyumba yoyote kiasi cha kupigilia msumari wa picha ukutani.

"Usijali," alimwambia Wili kesho yake kazini. "Kwenu nitakuleta mimi mpaka sebuleni kwa Bagula."

Akaanza kutafuta kwenye simu wakati wa mapumziko, sandwichi mkono mmoja. Loíza iko mashariki ya San Juan. Kaskazini yake ni Atlantiki, na mto mkubwa unaoingia baharini hapo unaitwa kwa jina hilo hilo. Wenyewe husimulia kwamba jina limetokana na Yuiza, mwanamke aliyekuwa chifu wa wenyeji kabla ya Wahispania. Hapo Rugaba akachekelea. Chifu, tena mwanamke! Kwenye posa, neno kama hilo ni nusu ya safari. Lakini mambo ya kwenye simu hata Bagula angeweza kuyasoma mwenyewe, na posa haiendi bila mzee wa ukoo. Mzee aliyebaki ni bibi yake Wili, Doña Providencia, na alikuwa Buffalo.

Wakaondoka watatu: Rugaba kwenye usukani, Wili pembeni, Hadassa nyuma. Rugaba alikuwa roho juu juu njia nzima. Alibadilisha mistari ya barabara bila sababu, akasimama kila kituo cha mafuta bila kujaza mafuta, akapita Columbus huku ameinamisha kichwa, utadhani Bagula angemwona kutoka dirishani.

"Rugaba, utulie ata kidogo," Hadassa alisema.

"Niko natulia."

"Haukuwahi kutulia wewe. Ata mu usingizi unatembea."

Bibi aliishi upande wa magharibi wa mji, ghorofa ya kwanza, mahali ambapo upepo wa ziwa hupita chini ya mlango. Ukutani alikuwa ametundika vinyago vilivyochongwa kwenye makumbi ya nazi, vyenye pembe na meno, rangi nyekundu na njano. Rugaba, shemasi wa kanisa la kilokole, akajikuta anakemea pepo kimoyomoyo. Bibi aliona macho yake yalipokwenda, akacheka mpaka akakohoa. Kisha akawapakulia wali na kaa, akaanza kusimulia. Alisema kwa Kihispania, Wili akageuza Kiingereza, na Rugaba akakigeuza Kiswahili kichwani huku akitafuna.

Alisimulia mto ambao zamani haukuwa na daraja, watu na magari wakivushwa kwa pantoni ya kuvutwa kwa kamba. Alisimulia mashamba ya miwa, na Waafrika walioletwa kuyalima kwa mijeledi, na wengine waliotoroka wakajificha kwenye mikoko na kukaa humo mpaka mikoko ikawa yao. Ndiyo maana, alisema, Loíza ni ya weusi na haioni haya. Mwezi wa saba watu humtoa Mtakatifu Yakobo kanisani na kumpitisha barabarani, na sanamu zake ni tatu: ya wanaume, ya wanawake na ya watoto, ili mtu asibaki nyumbani kwa kisingizio kwamba sherehe si yake. Ngoma hulia, na mcheza ngoma ndiye anayempa mpigaji mapigo, si mpigaji anayempa yeye. Bibi akainuka na kuonyesha kwa bega moja.

Rugaba alifurahi kweli. Hadassa naye alikuwa anacheka, jambo ambalo Rugaba hakuwa ameliona siku nyingi.

"Na nyumba?" Rugaba akauliza. "Nyumba ya ukoo iko upande gani?"

Bibi akaweka kijiko chini. Wili alisita kabla ya kutafsiri jibu lake. Nyumba imeliwa na bahari, bibi alisema. Kimbunga kiliondoa paa, halafu mawimbi yakawa yanasogea kila mwaka, yakachukua minazi, yakachukua veranda, mwisho kuta. Kilichobaki ni ngazi ya mlangoni, inayosimama yenyewe kwenye mchanga.

Rugaba naye akaweka kijiko chini. Alimtazama bibi, akawaona mama zake wote, akaona na majivu ya kijijini kwao. Asubuhi, walipokuwa wanamfunga bibi mkanda kwenye kiti cha mbele tayari kumpeleka posani, alimvuta Wili pembeni.

"Habari ya nyumba tuiache," alisema. "Na vile vinyago pia. Bagula hana haja ya kujua kila kitu."

Wili aliitikia kwa kichwa. Hakuelewa, lakini alimwamini, na huko kuaminiwa ndiko kulikomkosesha Rugaba raha mpaka Columbus.

Sebule ya Bagula, Hilliard pembeni mwa Columbus, ilikuwa imejaa wajomba na mashangazi. Chimène alifichwa chumbani kama desturi inavyotaka. Bagula hakumweka msemaji. Alisema mwenyewe, na hilo tu lilitosha kuonyesha kwamba hana mzaha. Rugaba alisimama, akakaza tai, akaanza, na kwa kweli siku hiyo aliamka vizuri. Aliwapitisha kwenye mto, akawavusha kwa pantoni, akawaketisha mbele ya chifu Yuiza. Alipofika kwa watumwa waliotoroka, shangazi mmoja alipiga kofi. Mtakatifu Yakobo alimtaja kwa woga, akasahau kwamba Bagula ni Mkatoliki wa damu. Bagula alifanya ishara ya msalaba na kutabasamu kwa mara ya kwanza.

"Bon," Bagula akasema. "Uko mutu wa maneno, tunajua. Lakini hukujibu. Nyumba? Kwabo, pa kwingia, iko?"

Hapo ndipo ulimi ulipomtoroka mwenyewe.

"Nyumba iko," Rugaba akasema. "Iko na veranda, minazi mbele. Mwezi wa saba tutapeleka mutoto wenu kule, atawasha moto ku jiko ya bibi, atalala mu chumba ya bibi. Ata bakibafukuza bote huku, kwabo iko inabangojea."

Vigelegele vikapigwa. Kumwahidi binti jiko la ukoo si jambo dogo. Ni neno linalofunga posa. Bagula alikuwa ameshanyoosha mkono kuita binti atolewe. Lakini bibi, aliyeona watu wanashangilia, alimvuta Wili shati na kumuuliza kinachoshangiliwa. Na Wili, ambaye hakuna aliyemwambia kwamba msemaji hasahihishwi, akamweleza.

Bibi alisimama. Alisema maneno machache, taratibu, akimtazama Rugaba bila hasira. Kisha akamgusa Wili begani ayaseme. Wili alimeza mate. Akayasema kwa Kiswahili chake, ili kila mtu aelewe.

"Nyumba hakuna. Bahari imekula."

Vigelegele vikakatika. Mtu alizima redio jikoni. Rugaba alijua njia za kutokea: angesema kijana amechanganya maneno, angesema ni nyumba nyingine. Alikuwa na maneno ya kutosha kuwapeleka wote mpaka jioni.

"Rugaba?" Bagula akaita.

"Njo vile. Nilidanganya." Sauti yake ilikuwa kubwa kuliko alivyotaka. "Nilidanganya sababu ya ile swali yako, Bagula. Kwenu wapi, kwenu wapi! Mi baliniuliza ile swali mpaka bakanichomea nyumba. Mutu ukimuuliza vile kila siku, anaanza kujenga nyumba na mudomo. Huyu bibi nyumba yake ilibebwa na maji. Yangu ilibebwa na moto. Donc tuseme nini? Tuseme hatukuzaliwa?"

Hasira ilipompungua akabaki na aibu, na aibu yenyewe ilikuwa kwa ajili ya Wili zaidi kuliko yeye mwenyewe. Kijana wa watu alikuwa amemwamini, sasa mchumba anampotea mbele ya macho.

Mlango wa chumbani ukafunguka. Chimène alitoka bila kuitwa, kitu ambacho hakifanyiki, akaenda kusimama karibu na bibi. "Mnamwacha bibi amesimama peke yake," alisema. "Mwambieni swali lilikuwa nini." Wili akalipeleka kwa bibi, akalirudisha jibu lake kwa Kiingereza, na Chimène akaligeuza.

"Anasema mama yake alijenga mara nyingi. Nyumba moja ilichukuliwa na mto, ingine na upepo. Anasema kule hawakuwahi kuuliza nyumba iko, sababu leo iko, kesho haiko. Wanauliza nani atakufungulia mlango. Siku alifika Buffalo na theluji, hakujua mtu. Mwanamke mmoja wa Loíza alimfungulia. Anasema, papa Bagula, uliza ile."

Bagula aliwaita wajomba, wakaenda gereji kushauriana. Rugaba hakuweza kukaa. Alitembea kutoka dirishani mpaka kwenye rafu ya viatu na kurudi, tena na tena, mpaka bibi akampiga kidogo na fimbo yake mguuni. Aliwaza Texas. Aliwaza kwamba baada ya leo Kentucky yote itamcheka, na kwamba ingekuwa vizuri kuondoka kabla ya mwisho wa mwezi.

Wajomba waliporudi, Bagula hakuketi.

"Bibi amesema vizuri," alisema. "Lakini bibi ni muzee, na Buffalo ni mbali. Wili hana baba. Donc mulango ni ya nani?" Akamgeukia Rugaba. "Wewe njo ulimuleta. Ulisimama hapa sawa baba yake, ukadanganya sawa baba yake. Siku mambo inaharibika, mi nitakuya kutafuta mutoto wangu kwa Rugaba. Kwabo Wili ni kwako. Kama unakubali, tunatoa mutoto. Kama hukubali, tule chakula tu, murudi."

Kisha akaongeza, "Lakini tunasikia unahama tena. Texas." Sebule nzima ikaangua kicheko, kwa sababu ilikuwa kweli na kila mtu aliijua. Bagula hakucheka. "Nikikuya, nitakukuta?"

Rugaba alifungua kinywa. Maisha yake yote watu walimwambia aende kwao. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kwake ni kwao mtu mwingine, na sasa neno hilo lilikuwa linatoka kwa Mshi, mbele ya ukoo wake, bila kebehi. Akatafuta sentensi nzuri, yeye mwenye sentensi za kugawa, akaikosa. Miguu ilitaka gari.

"Utanikuta," alisema.

"Mwaka gani?"

"Mwaka wowote."

Kule walikoketi wanawake Hadassa akajifunika uso kwa kitenge, akalia kwa sauti mbele ya wakwe, na hakuna aliyemuuliza analilia nini.