Bikoni Nne za Nyanda

Hilari alijua. Tuanze na hilo, maana mwenyewe akisimulia hapendi kuanzia hapo. Alijua tangu siku binti yake Queen alipomshika mkono akamvusha barabara ya vumbi hadi kwenye kiwanja kilichokuwa cha jirani yao Nyanda, akamwonesha zile bikoni nne za mipaka, za zege, kila moja kwenye pembe yake. Akamwambia amekinunua. Akamwambia atajenga, na chumba cha upande wa mawio kitakuwa cha Baba, chenye choo humo humo, asihangaike tena kutoka nje na tochi.

Mtu mwingine angesema palepale. Hilari alisema, "Mungu akubariki, mwanangu," akatazama pembeni kama mtu aliyeingiwa na vumbi machoni.

Miaka tisa nyuma Hilari alikuwa mwenyekiti wa Mtaa wa Kichangani, huku upande wa Kasokola, wakati mji ulipoanza kuwafuata watu mashambani kwao. Wapimaji walikuja na vyombo vyao, wakasema mtaa utapimwa, kila mtu apate namba ya kiwanja na hatimaye hati. Watu walifurahi mpaka walipoambiwa watoe vipande vya barabara. Wakanung'unika, wakatoa. Likabaki jambo moja: mchoro haupiti bila eneo la wazi, pa watoto kuchezea na watu kupumulia. Mpimaji alikuwa ameshaweka kidole chake kwenye pembe ya shamba la Hilari, pale penye mihogo.

Basi Hilari akaitisha mkutano, akasimama mbele ya watu, akapendekeza kwamba eneo la wazi liende kwa Nyanda. Nyanda alikuwa Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake, jirani mwema asiye na maneno mengi, na mwezi ule alikuwa amepeleka mifugo Mishamo kutafuta malisho. Mtu mmoja nyuma akauliza kama si vizuri kumsubiri mwenye mali arudi. Hilari akamjibu, "Asiyekuwepo na lake halipo." Watu wakacheka, wakanyoosha mikono. Kunyoosha mkono ni kazi nyepesi sana pale shamba linalokwenda si lako. Mtendaji wa mtaa akaandika muhtasari, Hilari akatia saini na muhuri, na akaahidi mbele ya wote kwamba Nyanda akirudi atamweleza yeye mwenyewe.

Nyanda alirudi mvua zilipoanza. Alikuta bikoni nne kwenye pembe za kiwanja chake, akadhani amepimiwa kama wenzake. Asubuhi yake alifika kwa Hilari na kibuyu cha maziwa kumshukuru mwenyekiti kwa kumpigania hali hakuwepo. Hilari aliyapokea maziwa. Alikunywa akamaliza, akarudisha kibuyu, hakueleza kitu.

Ile pembe yenye mihogo ilikatwa viwanja viwili, vikauzwa, na ndivyo vilivyomsomesha Queen uuguzi. Hili Hilari alikuwa akijiambia kila dhamiri ilipomchoma: nilifanya kwa ajili ya mtoto. Kumbe mtoto naye akakua, akaajiriwa hospitali huko Inyonga, akapata hamu ya kujenga karibu na baba yake mjane. Akasikia Nyanda amehamia Mishamo moja kwa moja na anauza. Hakumwambia baba, alitaka kumshangaza. Mwenyekiti mpya, ambaye enzi za upimaji hakuwa hata mkazi wa pale, aligonga muhuri kwenye karatasi ya mauziano bila wasiwasi.

Kwa mwaka mzima Hilari alitazama tofali zikishushwa. Alimwona Queen akishuka kwenye basi kila mwisho wa mwezi na mfuko uliobaki na nauli tu, kiatu kilekile, nywele hazijasukwa, kila kitu kimeingia kwenye ile nyumba. Fundi alimshauri aanze msingi, kibali kitafuata, kama wanavyofanya wengi. Msingi ukapanda. Queen alimwomba baba yake asimame ndani ya chumba chake aone kama kinatosha, na mzee akasimama humo, katikati ya kuta zisizofika magotini, akasema kinatosha. Maombi yake kanisani Jumapili yakawa mafupi: mchwa wale lile faili la mkutano.

Mchwa hawakula. Siku walipoitwa manispaa kuhusu maombi ya kibali cha ujenzi, walipokewa na afisa mipango miji aitwaye Getrude, mama mpole mwenye miwani, aliyewakaribisha viti kabla ya yote. Aliipitia ramani ya nyumba, akaisifu. Kisha akatandaza mchoro wa mtaa mezani na kuweka kalamu juu ya kiwanja kilichopakwa kijani. Akaeleza taratibu kwamba hapo hapajengwi nyumba, ni eneo la wazi, nao ndio uwazi pekee wa mtaa mzima. Kubadilisha matumizi kunaanzia kwenye tangazo na mkutano wa wananchi, halafu kunapanda hadi wizarani, na yeye hawezi kumdanganya mtu kwamba patapita.

Queen hakulia. Aliuliza nani aliamua.

"Wananchi wenyewe," Getrude akasema. "Muhtasari wao huu hapa. Pole sana, mdogo wangu. Aliyekuuzia kauza kisichokuwa chake, mdai yeye."

Akamtolea nakala ya kurasa tatu, akapiga mstari chini ya namba ya kiwanja. Queen alitazama ule mstari tu, akakunja karatasi kwa hasira na kuitia mkobani. Hilari alikuwa akitazama feni ikizunguka. Mlango ulikuwa wazi, saa ilikuwa nne asubuhi, na mtu pekee aliyekuwa na haja ya kusikia ukweli alikuwa amekaa naye bega kwa bega. Aliendelea kuitazama feni.

Hata walipotoka nje, Queen alipomwita Nyanda tapeli, mwizi, mzee asiye na haya, Hilari aliitikia kwa kichwa. Mimi ninayesimulia nimemsamehe Hilari mengi, lakini kile kichwa alichotikisa pale nje sijamsamehe.

Siku ya pili wakapanda gari la Mishamo. Njia nzima Queen alipanga maneno ya kumwambia Nyanda, na njia nzima baba yake aliyasikiliza.

Walimkuta Nyanda kwenye kivuli cha paa la nyumba yake akisuka kamba ya kufungia ndama. Alikuwa amezeeka, jicho moja lina ukungu. Alifurahi kumwona Hilari, akamshika mkono muda mrefu, akaagiza maziwa. Queen hakuyagusa. Akatoa zile karatasi, akamwambia kwamba kiwanja alichomuuzia si chake, ni cha umma, na kwamba asipomrudishia fedha zake wataonana polisi.

Nyanda alizipokea karatasi, akazigeuza, akazirudisha.

"Mayu, mama yangu, mimi kusoma sijui, na hata ningejua, jicho lenyewe ndo hili," akasema. "Nisomee yote. Nisikie walivyosema."

Queen akasoma. Alisoma tarehe, akasoma mahudhurio, akasoma kwa sauti kavu ya mtu anayemsomea mshtakiwa makosa yake. Alipofika ukurasa wa pili akasoma: "Mwenyekiti wa mtaa alipendekeza eneo la wazi lihamishwe kutoka shambani kwake na kupelekwa kwa ndugu Nyanda. Mjumbe mmoja alihoji kutokuwepo kwa mhusika. Mwenyekiti alijibu kwamba asiyekuwepo na lake halipo. Wajumbe waliafiki." Sauti ilipungua alipokuwa akisoma, lakini hakuacha. Ukurasa wa tatu ulikuwa na jina na saini, na jina lile ndilo jina la pili la Queen mwenyewe.

Ndama alilia huko zizini. Vidole vya Nyanda vilisimama kwenye kamba.

"Mimi nilikuaga wewe," hatimaye akamwambia Hilari, wala hakupandisha sauti. "Nikakwambia uniangalizie pale, narudi mvua zikianza. Miaka yote hii nasema Mungu alinipa jirani."

Hilari akafungua mdomo. Alichopata kusema ni kwamba watu wote waliafiki.

Nyanda akamgeukia Queen. Akamwambia atauza ng'ombe, amrudishie chake, kwa sababu mtoto hana kosa na yeye hataki kufa akiitwa mwizi. Queen alipiga magoti mbele yake, kama anavyopigia magoti wazee wake, akamwomba radhi kwa neno la polisi, akamwambia kwamba hamdai chochote. Halafu akachukua kikombe cha maziwa aliyokuwa ameyakataa, akanywa yote. Kikombe cha Hilari kilibaki mkononi mwake, hakuweza kukipeleka mdomoni.

Kurudi, Queen alikaa kiti cha mbele kwa dereva, akamwachia baba yake kile cha nyuma. Walipofika stendi alimuuliza jambo moja tu.

"Siku ile uliposimama ndani ya chumba, Baba, ulijua?"

"Nilijua," Hilari akasema.

Msingi bado upo pale Kichangani. Jioni watoto wakicheza mpira, wasiocheza hukaa juu yake kutazama, na Hilari akitoka usiku na tochi yake kwenda chooni huuona. Queen alinunua kiwanja kingine Inyonga, akajenga taratibu, na mwaka huu amehamia. Aliwaalika majirani wachache wa zamani kwenye kuibariki nyumba. Restituta, jirani wa Hilari, alikwenda, akarudi akiisifu: bati la rangi, vigae, vyumba vinne. Hilari alimuuliza, kama mtu asiyejali, kama aliona chumba cha upande wa mawio.

Restituta aliinamisha macho. Akasema hata yeye alimuuliza Queen chumba cha mzee ni kipi, na Queen akamjibu kwamba siku wanagawa vyumba, mzee hakuwepo.