Nimefiwa na Paka

Asubuhi ile Fundi alichana pande la boksi la nyuzi, akaandika neno moja kwa chaki ya kukatia vitambaa, herufi kubwa kubwa: NIMEFIWA. Akalining'iniza kwenye mlango wa duka lake la cherehani, akajifungia ndani, akalia. Hakumpigia mtu simu. Hakueleza nani kafa, kafa kwa nini, wala anazikwa wapi. Neno moja tu, na neno hilo likautoa ukoo mzima mbio.

Kwani mwenzangu, ungefikiri nini wewe? Watu walifikiri mtu. Muuza matunda wa jirani akamwambia huyu, huyu akamnong'oneza yule, na kabla chai haijapoa kaka yake Fundi, msimamizi wa ghala, mtu mzima mwenye kitambi chake, alikuwa anagonga mlango huo, vifungo vya shati vimekwenda upande na jasho linamtiririka. Nyuma yake mkewe, mikono kichwani, tayari kuangusha kilio pindi atakapojua amlilie nani.

"Nani?" kaka mtu aliuliza mlango ulipofunguliwa. "Nani jamani? Mbona kila ndugu ninayempigia simu anapokea, yu mzima?"

"Afande," Fundi akasema.

Wifi akateremsha mikono kutoka kichwani, polepole.

Afande alikuwa paka. Paka dume wa kijivu, sikio moja nusu, lile jingine zima. Cheo hicho alikipata kwa sababu kila mteja aliyeingia mle dukani alikaguliwa: viatu, pindo, mkoba, ndipo apite. Asiyempendeza alizuiwa mlangoni mpaka Fundi aje kumwombea radhi. Asubuhi ile alikuwa mzima wa afya, amekunywa maziwa yake, amevuka barabara kufuata jua la upande wa pili kama alivyovuka miaka yote, na pikipiki ya mpeleka mizigo ikampitia. Fundi alimwokota mwenyewe, bado ana joto. Akamviringisha kwenye kipande cha bitana kilichobaki kwenye suti ya bwana mmoja mwenye uwezo wake, akamzika nyuma ya duka kwa koleo la kuazima, na yote hayo aliyafanya kimya, meno ameyauma. Aliporudi ndani akakuta nywele za kijivu kwenye kiti chake cha kushonea. Hapo ndipo alipolitafuta boksi na chaki.

Na mle ndani, kwenye sanamu ya kupimia, lilikuwa limesimama gauni jeupe la satini, gauni la harusi la binti wa kaka yake. Satini ni kitambaa chenye kinyongo. Tone la maji likikauka pale linaacha duara lisilofutika kwa sabuni wala kwa pasi, na mtu anayelia hashoni satini, hilo fundi yeyote anakwambia. Ndiyo maana alilifunika kwa shuka safi, akafunga kazi.

Wifi alianza kwa kucheka. "Paka? Yaani umetukimbiza roho mkononi kwa ajili ya paka?" Alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akaacha, uso ukambadilika, maana alikuwa amemkumbuka Mama Mkubwa. Mambo yaliharibika hapo.

Mama Mkubwa alikuwa dada wa mama yao. Ndiye aliyewalea Fundi na kaka yake tangu wakiwa wadogo, baada ya mama yao kufariki. Alizeeka, akapigwa na kiharusi, akili ikaanza kumpotea, na Fundi akamtunza kwa miaka kwenye chumba cha nyuma ya duka: kumwogesha, kumlisha, kumgeuza. Alikuwa amefariki mwaka huohuo. Siku ya kuzika, wifi alianguka mara mbili, akashikwa na watu. Kaka alilia mpaka sauti ikakauka. Fundi? Fundi alikuwa anapita na jagi la maji, macho makavu, anauliza nani hajala. Watu waliona. Watu hawapitwi na kitu cha namna hiyo. Ikasemwa kwamba alishamchoka bibi wa watu, kwamba alikuwa anasubiri tu.

Sasa watu walewale wamepata paka.

Siku ya pili yake Fundi aliitwa kwa kaka. Wakamkalisha kwenye kochi kubwa, lile la wageni, na hapo tu akajua kuna kesi. Kaka alikohoa, akasugua magoti. Si mtu mbaya, tuseme haki. Alikuwa anatafuta namna ya kumwokoa.

"Mdogo wangu, hakuna anayekugombeza. Tumekaa tumefikiria, tumekuelewa. Uliyekuwa unamlilia si paka. Ulikuwa unamlilia Mama Mkubwa. Machozi yalikukwama siku ile, yakaja kutokea mahali pasipofaa. Hayo mambo yapo, hata redioni wanayazungumzia. Wewe sema hivyo tu. Mimi nitawapigia ndugu wote, niwaambie kile kibao kilikuwa cha mama yetu, yaishe."

Ilikuwa njia safi kabisa, imefagiliwa na kumwagiwa maji. Alichotakiwa ni kuinamisha kichwa, aseme ndiyo.

"Na akikataa," wifi akadakia, "gauni la mwanangu nalichukua. Mwanangu haolewi ndani ya nguo iliyoshonwa na mtu anayelilia wanyama akawaacha watu."

Fundi hakuwa na mtoto. Ndiye aliyemshonea yule binti kila kitu tangu nguo ya kutokea hospitalini, sare za shule, gauni la kumaliza masomo. Gauni hili la harusi Fundi aliomba mwenyewe alishone, tena kabla mchumba hajapatikana. Wifi alilijua hilo vizuri, na ndiyo maana alipiga palepale.

"Kaka," Fundi akasema, "niliyemlilia ni paka."

Wifi akaguna.

"Paka, mwenye mkia. Msimtafutie mtu wa kusimama mahali pake."

"Na Mama Mkubwa je?" Kaka akainua kichwa. "Aliyekutafunia chakula mdomoni?"

"Mama Mkubwa nilimlilia akiwa hai." Fundi aliiweka mikono juu ya mapaja, akaibana. "Nilimlilia siku aliyoniuliza mimi ni nani. Nikamwambia, akasema ahsante binti, nyumbani kwenu ni wapi, wasije wakakutafuta. Nilimlilia bafuni, bomba nimelifungulia ili asinisikie. Nilimlilia kila alipoita jina lako, Kaka. Kichwani mwake wewe ulikuwa mtoto uliyechelewa kutoka shule, na mimi namjibu yuko njiani, anakuja. Alikuwa anaondoka kidogo kidogo, na mimi nalia kidogo kidogo. Siku ya kuzika nyinyi mlikuwa mnaanza. Mimi nilikuwa nimemaliza. Nilifurahi amepumzika. Nasema tena, nilifurahi, na sioni aibu."

Kaka alikuwa anatazama vidole vya miguu yake.

"Afande hakunipa nafasi hiyo. Alikunywa maziwa akatoka. Nimemlilia yote kwa mkupuo mmoja, na bado sijamaliza."

"Kwa hiyo paka na mama aliyekulea ni sawasawa," wifi akasema. "Tuelewe hivyo."

"Mizani mmeileta nyinyi, wifi. Mimi nina tepu ya kupimia viuno. Machozi sijui yanapimwaje." Akasimama. "Na kile kibao hakitoki mpaka nitakapoona mimi kwamba kimetosha."

Wifi hakuwa mtu wa maneno matupu. Kesho yake alikuja kulichukua gauni. Fundi alilitoa kwenye sanamu na pini zake zote, akalikunja ndani ya karatasi laini, akalifunga kwa utepe, akamkabidhi. "Mwambie huyo fundi wako asilipige pasi upande wa nje," akasema, basi. Lakini wifi alipokwisha kukata kona, Fundi alikaa mbele ya ile sanamu tupu mpaka jua likahama dirishani. Iliuma, tusidanganyane. Kuna wakati alifika mlangoni, akakishika kile kibao, akasema moyoni, kwani neno moja tu la uongo litaniua? Akakiachia.

Mtaa nao haukumpa pumzi. Waliopita walilia nyau. Mteja mmoja, mwanamke wa heshima zake, aliuliza kama kuna mchango unakusanywa au vipi. "Upo," Fundi akamjibu, "mchango wa kufunga midomo, tunaanza na wewe." Mteja akaondoka na zipu yake mbovu. Ni fundi viatu wa ng'ambo ya barabara peke yake aliyevuka, akavua kofia, akasimama kama watu wanavyosimama msibani.

"Pole kwa Afande," akasema. "Amenikagua miaka yote hii, na sikufaulu hata siku moja."

Fundi akacheka na kulia kwa pamoja, kamasi juu, na wala hakugeuza uso.

Juma lilikuwa linakatika mlango uliposukumwa, akaingia bibi harusi mwenyewe, mfuko kwapani. Hakusalimia vizuri. Aliuweka mfuko juu ya meza ya kukatia, akakaa, akavua viatu.

"Mama alinituma kwa yule fundi wa sokoni," akasema. "Nimefika mpaka ndani. Amelifungua, amezitazama pini, akaniuliza kazi hii ilianzwa na nani. Nikamwambia shangazi yangu. Akanishika mkono, akaniambia pole sana mwanangu, amefariki lini?"

Fundi akauvuta mfuko karibu.

"Eti nguo ya harusi haibadilishi fundi katikati ila kwa kifo. Nikamwambia hajafa. Akanitazama, Shangazi, alivyonitazama! Nikaona nimekuzika mzima mzima, nikakunja vitu vyangu nikageuka."

"Mama yako anajua?"

"Atajua akiniona nimelivaa."

Fundi alinawa mikono, akaikausha mara mbili, ndipo akafungua karatasi. Binti akapanda kwenye stuli, gauni likamshuka mwilini, likakaa. Kiuno kilikuwa kimelegea kidogo. Siku zile za kesi hata yeye hakuwa akila. Fundi akaweka pini mdomoni, akapiga magoti, akaanza kuzunguka pindo.

"Shangazi," binti alisema kutoka juu, sauti imepungua. "Siku ukifa wewe, mimi nitafanyaje? Nikilia watasema, nisipolia watasema. Nimewaona. Yaani hata sijui wanataka nini."

Fundi alizitoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye mto wake. Hakuinuka pale chini.

"Nikiugua sana, ukawa umenililia ukamaliza mapema, basi kaa na jagi lako la maji, uwahudumie wanaoanza. Usimwogope mtu."

"Na ukiondoka ghafla?"

"Nikiondoka ghafla, nililie kama paka."

Binti alitaka kucheka, akamtazama, akaacha.

"Kama paka," Fundi akarudia. "Ujifungie ndani, uache kazi ya watu, utokwe na kamasi, na mtaa mzima ukuone umepungukiwa na akili. Mtu akikwambia umezidisha, mwambie shangazi yako aliyaona machozi ya aina zote, akachagua hayo."

Tone likamdondoka binti kidevuni. Fundi aliwahi kulikinga kwa kiganja kabla halijagusa satini, akalifuta kwenye sketi yake mwenyewe.

"Teremka," akasema. "Livue kwanza. Leo hatushoni."