Kijani cha Kabla ya Chai

Nilifundisha uchoraji miaka thelathini na mmoja, Nyeri kwanza na baadaye Karatina, na sikumruhusu mwanafunzi hata mmoja kutumia kijani cha tyubu. Waliniita Madam Kijani nikiwapa mgongo, wakidhani sisikii. Nilisikia. Akitokea mmoja na tyubu mpya aliyonunuliwa na babake, niliifungia kwenye droo hadi muhula uishe, na mzazi akija kulalamika nilimwangalia tu. Leo nitaeleza, kwa sababu nimestaafu na nimechoka kuitwa mtu wa roho mbaya.

Mwaka wa 1969 nilikuwa kidato cha pili katika shule ya wasichana mjini Nyeri. Mwalimu wetu wa uchoraji alikuwa Bwana Simiyu, mtu mrefu wa Bungoma, ambaye baridi yetu ilimtesa hadi akawa anafundisha amevaa makoti mawili. Muhula wa pili ulipokwisha picha yangu ilikuwa ya kwanza darasani, na zawadi ilikuwa tyubu moja ya rangi ya maji, nichague mwenyewe. Akanipeleka kwenye duka la vitabu, na mwenye duka akanipangia tyubu zake zote juu ya kaunta.

Nilijua ninachotaka hata kabla hatujaingia. Nyanya yangu, Cucu Watiri, alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kila likizo nilimkuta anaona kidogo kuliko likizo iliyopita. Hospitali alikataa katakata. Hakuna mtu angemkaribia jicho na kisu. Lakini aliniomba kitu kimoja. Nimchoree boma lake la zamani, kule juu mteremkoni upande wa Othaya, alione mara moja kabla macho hayajafunga.

Boma hilo lilichomwa mwaka wa 1954, serikali ya kikoloni ilipowafukuza watu makwao na kuwarundika vijijini. Mashamba yalipogawanywa upya, mteremko ukaenda kwa mzee mmoja anayeitwa Kingori, sisi tukapewa kipande chetu bondeni. Siku ya moto ule mimi nilikuwa na mwaka mmoja, nimefungwa mgongoni kwa mama. Mteremko niliuona kila siku ya maisha yangu. Boma sikuwahi kuliona.

Tyubu za kijani zilikuwa tatu. Nikashika ile iliyong'aa kuliko zote.

"Wachuka, hiyo wacha," Bwana Simiyu akasema. "Kijani ya tyubu ni ya mtu mvivu. Chukua njano. Buluu iko shuleni. Ukichanganya utapata kijani yote unataka."

"Lakini mwalimu, hii ndiyo rangi ya kwetu kabisa."

"Sawa, ni wewe umeshinda. Lakini usikuje kunililia."

Likizo ya Agosti nilikaa nje ya jikoni siku mbili nikipaka. Rangi ilitoka laini kama siagi, ikatandaa mteremko mzima bila taabu yoyote. Katikati nikaweka nyumba ya nyasi na ghala, kama mama alivyonieleza. Nilijiona fundi! Nikamwita Cucu mlangoni penye mwanga. Akaisogeza karatasi hadi ikamgusa pua, akaigeuza upande wa jicho lake lenye nafuu.

"Hii ni chai," akasema. Yeye alizungumza Kikuyu tu. Maneno yake nayaandika kwa Kiswahili.

"Ni mteremko wako, Cucu."

"Mteremko wangu haukuwa na chai. Chai imekuja juzi. Umenichorea shamba la Kingori, ukaweka nyumba yangu ndani yake."

Ilikuwa kweli tupu. Mimi nilikulia mbele ya chai, na kwangu kijani kilikuwa ni kile kimoja, kimekatwa sawasawa kutoka juu hadi chini. Badala ya kuona haya nikapandwa na hasira. Hasira zangu ziko karibu, hata leo.

"Na wewe utajuaje rangi? Si hata huoni!"

Alinirudishia karatasi yangu, akamuuliza mama kama maziwa yamechemka, akaingia ndani. Likizo ilikuwa imebaki wiki mbili nzima. Sikugusa brashi, wala sikumwomba msamaha. Niliona ni yeye aliyenikosea.

Septemba Bwana Simiyu aliniuliza zawadi imefanya kazi gani, nikamsimulia yote nikitarajia anihurumie.

"Ulimuuliza huko walikuwa wanapanda nini?"

Sikuwa nimemuuliza.

"Basi ukienda nyumbani, muulize. Ukate hayo majani, na uchanganye rangi hapo hapo. Usiniletee ndani ya kitabu. Jani ikikauka itakudanganya."

Akanipa njano na buluu za shule, na chembe ya rangi ya udongo kwenye kifuniko cha chupa.

Tulipopewa siku tatu za mapumziko mwezi wa Oktoba nilikwenda moja kwa moja kwa Cucu nikamwomba msamaha. Kufikia wakati huo alikuwa anaona vivuli tu. Akasema, "Nipe mkono, twende." Tulizunguka mtoni na nyuma ya majiko ya watu, mahali ambapo chai haijafika. Yeye ndiye aliyechagua, kwa vidole. Nduma, yale magimbi ya mtoni, jani pana linalotiririsha maji. Njahi, yale maharagwe meusi. Kiazi kikuu kilichopanda juu ya mti wa jirani. Mgomba. Jani asilolitaka alilitupa chini bila kunieleza sababu.

Kila jani nililiweka juu ya karatasi, nikapaka mstari wa rangi kando yake, nikasubiri. Rangi ya maji ikikauka hufifia, kwa hiyo huwezi kujua umepatia hadi ikauke, na mwezi ule wa mvua na ukungu haikukauka kabisa. Nilikaushia juu ya mafiga, moshi ukinitoa machozi. Nduma ilinichukua asubuhi nzima. Ilitaka buluu zaidi na ule udongo kidogo sana, wa kuchovya ncha ya brashi tu. Nilipopatia, jani na mstari vikawa kitu kimoja, nikapiga kelele peke yangu jikoni. Sijawahi kufurahi hivyo tena kwa ajili ya rangi.

Picha yenyewe niliimalizia shuleni. Kijani kilikuwa cha aina kumi na moja. Karatasi ilikuwa ya bei rahisi na maji yaliizidi, ikajikunja ikawa na matuta, nami nikaionea aibu.

Desemba nilipofika nyumbani, Cucu alikuwa ameketi juani. Nilisimama mbele yake na karatasi mkononi, naye akauliza ni nani amesimama hapo.

Agosti alikuwa bado anaona. Picha ya mwisho aliyoiona kwa macho yake ni chai ya Kingori, na ni mimi niliyemchorea. Tyubu ile ninayo mpaka leo, imekauka ikawa jiwe.

Nilimwambia ni mimi, nikamwekea karatasi magotini. Akapitisha vidole juu yake polepole, akakuta yale matuta.

"Umeuchora na mteremko wenyewe," akasema. "Hapa unapanda. Hapa ndipo njia." Kidole kikaendelea, kikapita tuta moja na jingine, kikasimama. "Na hapa ndipo nduma zangu. Si ndiyo?"

Kidole chake kilikuwa kwenye anga ya picha, juu kabisa ya mteremko, mahali ambapo sikupaka chochote.

"Ndiyo, Cucu," nikamwambia. "Hapo hapo."