Anayenyolewa wa Kwanza

Jua la Kangemi lilikuwa limeshapanda juu ya mabati, na Shangazi Nanyama alikuwa amekwisha kunoa wembe wake kwenye kigae, lakini kile kiti cha miguu mitatu kilikuwa bado kitupu. Naliaka alikikodolea macho kama paka anayemvizia samaki wa jirani.

Baba yao, Mzee Sifuna, alikuwa amezikwa juzi. Katika ukoo wao, msiba hauondoki mpaka nywele ziondoke, na anayenyolewa wa kwanza ndiye anayesimulia maisha ya marehemu. Akishasema, basi. Hakuna wa kumsahihisha, na hivyo ndivyo wajukuu watakavyomjua mzee wao. Naliaka, aliyemuuguza baba yake, akimgeuza kitandani na kumkorogea uji wa wimbi, heri angemeza makaa kuliko kumwachia kaka yake Joash maisha yale ayaseme.

Naye Joash ndiye huyo, anaingia kutoka mjini, karani wa watu: suti ya kijivu, viatu vinang'aa, nywele zimepasuliwa njia upande mmoja, imenyooka kama reli. Akatoa ndani medali ya vita ya mzee, akaiweka juu ya meza, kwenye kitambaa cha kufuma, akakikalia kiti bila kumpa dada yake hata mkono.

"Poleni jamani. Nitasema kwa kifupi. Baba alikuwa sajini wa Mfalme. Alishika bunduki, akamfukuza Mjerumani mpaka—"

"Sajini!" Naliaka alicheka kicheko kikavu. "Baba alikuwa mpagazi. Alibeba risasi za wenzake na unga wa wenzake mpaka shingo ikaota sugu. Ungeiona hiyo sugu kama ungewahi kumwosha."

"Huna haya? Ofisi nzima inajua ni sajini!"

"Basi nenda ukamlilie ofisini."

"Mwanamke uliyerudishwa na mume ndiye wa kunifundisha mimi?"

Kuku aliyekuwa akiparua majivu alisimamisha mguu.

"Mimi nilirudishwa na mume," Naliaka alisema polepole. "Wewe, baba alipokuwa akiugua, ulikuwa ukirudishwa na nani njiani kutoka mjini mpaka hapa Kangemi?"

"Mnangoja nishike kutu pamoja na wembe huu?" Shangazi aliingilia. "Joash, inamisha kichwa."

Joash akaifunika ile njia yake kwa viganja. "Shangazi, kata kidogo tu. Hapa nyuma, pasipoonekana."

"Kwani baba yako alikufa kidogo?"

"Kesho niko kazini! Siku hizi za hali ya hatari, mwenye upara mpya anaulizwa na polisi ametoka kambi gani ya kizuizini. Mnataka nikamatwe?"

Hofu ile haikuwa ya uongo. Naliaka alilijua hilo, na hakumhurumia hata chembe.

"Basi ondoka kitini," Shangazi alisema, na Joash akainuka.

Naliaka alifungua kitambaa chake cha kichwa, akaketi. Wembe ulikuwa baridi. Nywele zenye mvi zilianza kumwangukia mapajani, naye akasema:

"Baba yangu hakupiga risasi hata moja. Alibeba. Mwenzake alipokufa kwa kuhara, alibeba mizigo ya watu wawili, maana aliyeacha mzigo porini alichapwa. Akarudi nyumbani na hasira ile, akatuchapa sisi. Mama alizikwa na kovu alilotiwa naye. Nami nilimwosha mzee nikiwa bado nimemkasirikia. Lakini nilimwosha."

Joash aliiendea meza, akainyakua medali. "Hii ni ya askari. Haikai kwenye nyumba inayomtukana baba."

"Beba," Naliaka alimjibu bila kugeuka. "Ni kitu cha kwanza cha baba ulichowahi kukibeba wewe."

Viatu vinavyong'aa vikaondoka vikikanyaga majivu.

"Geuza kichwa, mwanangu," Shangazi alisema. "Upande huu bado."