Msumari wa Mlango wa Jikoni

Fundi alitafutwa na kaka yangu, na hapo ndipo machale yaliponicheza. Kaka ndiye aliyetaka Mama aihame nyumba yake akaishi naye. "Nyumba imechoka, na mwenyewe amechoka," alisema. Mimi nikashikilia itengenezwe, Mama abaki hapohapo. Tukakubaliana Jumamosi kaka aje kukagua. Akiona hatari hata moja, Mama afungashe.

Nikachukua likizo ya wiki, nikahamia kwa Mama kusimamia kazi. Basi mtu wa kaka alipoanza kuacha viporo, sikushangaa. Alipiga lipu ushoroba wote vizuri, akaruka kiraka cha upana wa kiganja karibu na chumba cha Mama. Akapaka rangi ya kijani, lakini kando ya mlango wa jikoni akazungusha brashi kuukwepa msumari wenye kutu, uliochomoza usawa wa kiuno.

"Fundi, huu huuoni?"

"Nauona, dada."

"Ung'oe basi."

"Nitaung'oa." Akaendelea kusuuza brashi yake, wala hakuniangalia.

Kesho yake msumari ulikuwepo. Nikamkuta na Mama sebuleni wananong'ona, na waliposikia hatua zangu wakanyamaza. Mama akaniuliza kama nimekunywa chai. Chai nilikuwa nimekunywa naye, meza moja, nusu saa iliyopita. Kikulacho ki nguoni mwako, nikasema moyoni. Jamaa ametumwa aharibu kazi, na sasa anamlainisha mama yangu.

"Mama, huyu fundi anakwambia nini?"

"Mambo ya kazi."

"Kazi gani ya kunong'ona?"

"Wewe ungeolewa na polisi mngekamatana kila siku," akasema, akacheka. Mimi sikucheka.

Ijumaa jioni fundi alipoondoka, nikachukua koleo nikaung'oa msumari mwenyewe. Nikaziba tundu, nikakipiga lipu pia kile kiraka alichokiruka, nikapaka rangi juu. Nililala nimejipongeza.

Asubuhi nilikaa jikoni, mkabala na mlango, nikimsubiri kaka. Nikamwona Mama anatoka chumbani, mkono wa kulia ukiteleza ukutani. Palipokuwa na kiraka mkono ukasita, ukapapasa, ukaendelea. Karibu na mlango wa jikoni ukashuka usawa wa kiuno, ukatafuta. Ukatafuta tena. Kisha Mama akaupita mlango, mimi nimekaa mbele yake hatua tatu, akaenda kujigonga bega kwenye ukuta wa mwisho.

"Fundi?" akaita. "Msumari uko wapi?"

Masikio yaliniwaka kwa aibu. Mama yangu alikuwa haoni. Fundi, mtu baki, alikuwa anajua, na mimi niliyekula naye wiki nzima sikujua.

Nikamshika mkono. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungehamia upande wa kaka yako."

Sikubisha, kwa sababu ni kweli ningehama.

Fundi alipofika aliutazama ukuta, akanitazama mimi. Hakunisema. Alifungua mfuko wake, akanipa nyundo na msumari mpya wenye kichwa kipana.

"Shusha kidogo," Mama alielekeza, vidole vyake vikipima ukuta. "Hapo hapo."

Nilikuwa bado napigilia kaka alipoingia. Akauzunguka ushoroba, akasukuma milango, akakanyaga kila ngazi. Hakuona kasoro. Akarudi kwenye msumari.

"Na huu?"

"Wa kutundikia kalenda."

"Chini hivyo? Asome nani, paka?" Akamgeukia Mama. "Mama, na rangi yenyewe umeipenda?"

Mama akajifunga upya khanga yake. Niliogopa, nikaogopa kweli.

"Kijani alikichagua mwenyewe," fundi akasema, akikunja turubai lake.

"Kijani kimetulia," Mama akasema.

Kaka akatutazama sisi watatu, mmoja mmoja, akakunja uso. Sura ile naijua. Ndiyo niliyotembea nayo wiki nzima.

"Hapa kuna kitu mnanificha," akasema.

Nikampa fundi nyundo yake.

"Mambo ya kazi," nikamjibu.